Hema la Ntheo ya Ndila

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Presha 162 juu ya 98.

Daktari wa kliniki, msichana wa umri wa binti yangu, ameniamuru nipime presha kila asubuhi na niandike daftarini kila kinachonikasirisha. Nikamwuliza, daftari la kurasa ngapi? Hakucheka. Alisema atalisoma mwezi wa kumi na mbili. Basi soma, daktari.

Naitwa Musili. Nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja Athi River miaka thelathini na moja, na hakuna skrubu iliyopotea mikononi mwangu. Sasa nimestaafu, niko hapa Kangundo na kahawa yangu, mke wangu Mumbua, na jirani anayeitwa Ndunda. Huyo Ndunda anaweza kulijaza hili daftari peke yake, lakini leo sitaki kumpa heshima hiyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Presha 166 juu ya 99. Nimemwona Ndunda.

Jumamosi, 18 Oktoba

Presha 149 juu ya 90. Siku njema. Nimenunua hema.

Nikueleze, daktari. Binti yetu Ndila anaolewa na Kyalo, kijana wa Katangi. Kwetu sisi Wakamba cheti cha kanisa ni karatasi tu. Msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo waletwe nyumbani kwao, mmoja achinjwe, na nyama iliwe pale pale uani na pande zote mbili. Si ukumbini, si hotelini. Uani.

Mwezi wa nne watu wa Katangi walikuja na mbuzi wao watatu, na mvua ikafunguka. Nilikuwa nimekodi hema la arusi, lile la paa bila kuta, na mvua ya siku hiyo haikutoka juu, ilitoka kando. Watu arobaini walijibana jikoni. Mzee Ndolo, baba mdogo wa Kyalo na msemaji wao, aliteleza kwa matope akakalia sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Mbuzi walirudi Katangi wakiwa hai. Mzee Ndolo, akijipangusa mahindi kwenye suruali, alisema watakuja mara moja tena. Mbuzi wakirudi mara ya pili, hawapandi tena kilima hiki.

Sasa tarehe ni Jumamosi, 29 Novemba. Ndiyo, katikati ya mvua tena. Haiwezi kusogezwa kwa sababu Kyalo anaenda kazi Qatar Desemba, miaka miwili. Ama ntheo iliwe siku hiyo, ama Ndila angoje, na mambo ya kungoja miaka miwili sote tunajua huishia wapi.

Kwa hiyo nimeenda Syokimau, kampuni ya watalii iliyofunga ilikuwa inauza vitu vyake. Nimepata hema la kambi la kulaza watu ishirini na wanne, wakikaa ni hamsini. Lina kuta. Lina madirisha. Nimeuambia ukoo mzima nitalisimamisha kwa mikono yangu hii miwili.

Jumapili, 19 Oktoba

Presha 151 juu ya 92.

Baada ya kanisa nimefungua mzigo. Vyuma thelathini na sita, rundo la kamba, gunia la vigingi. Vyuma vilikuwa vimezungushiwa tepe za rangi, nyekundu, manjano, buluu, uchafu mtupu. Nimezibandua zote, nikavisugua, nikavipanga kwa urefu kama tulivyofanya stoo. Sasa vinapendeza.

Mzigo wote ulikuwa umefungwa ndani ya turubai kubwa la kijani. Hilo nimempa Mumbua aanikie mbuni, ile kahawa tunayokausha na maganda yake. Amelitandika mbele ya jiko na amefurahi sana. Mtu akijua kupanga, hata cha kufungia mzigo kina kazi.

Karatasi ya maelezo ina picha mbili. Ya kwanza, Mzungu amesimama na chuma mkononi, anatabasamu. Ya pili, hema limesimama, bado anatabasamu. Yaliyotokea katikati hayajachorwa.

Jumatatu, 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa

Presha asubuhi 150 juu ya 91. Jioni Mumbua ameficha mashine.

Tulianza saa mbili. Mimi nilishika chuma kirefu upande wa mashariki, Mumbua magharibi. Nikamwambia asukume. Akasukuma, mimi nikavutwa. Nikamwambia asimame. Akasimama, kitambaa kikanifunika, nikatembea nacho gizani mpaka nikagonga tanki la maji. Kufikia saa sita tulikuwa tumebakisha vyuma kumi na tisa ambavyo havikutaka kuingia popote.

Ndipo nikamwona Ndunda kwenye ua unaotutenganisha.

Nikueleze na hili pia. Miaka mitatu iliyopita Ndunda alijenga choo cha shimo. Mimi ni mtu wa pimamaji, jicho langu halidanganyiki, na siku ya baraza ya chifu nilisimama nikasema choo cha Ndunda kimeegea kushoto. Ni kweli kimeegea. Watu walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo Ndunda hajaniambia neno, hata pole ya msiba. Leo alisimama kwenye ua akanitazama, kisha akainamisha kichwa upande wa kushoto. Taratibu. Upande ule ule wa choo chake. Halafu akaenda zake.

Nimeelewa vizuri sana.

Mumbua anasema Ndunda alifanya kazi Mara miaka ishirini na miwili akisimamisha kambi za watalii, ningeenda tu kumwuliza. Nikamwambia Ndunda alikuwa anatandika vitanda. Akasema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwanamke huyu huwa na methali pale ambapo ningependa awe na kikombe cha chai.

Jumanne, 21 Oktoba

Presha 165 juu ya 100. Hema limelala. Mimi pia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Presha 157 juu ya 95.

Ndila amekuja kutoka Syokimau na video kwenye simu. Watu wawili wanasimamisha hema kwa dakika nne, na muziki juu. Tumeitazama mara sita. Alasiri hema lilisimama, kweli lilisimama, nikapiga makofi, mpaka Ndila akauliza kwa upole mbona mlango uko juu.

Ndunda alikuwa kwenye ua. Kichwa kushoto. Nilitamani kimgandie hivyo hivyo.

Jumatano, 29 Oktoba

Presha 154 juu ya 94. Mvua ya kwanza imenyesha. Mumbua alikunja lile turubai la kijani juu ya mbuni na asubuhi kahawa ilikuwa kavu kabisa, hata tone halikuingia. Turubai zuri ajabu lile.

Jumamosi, 1 Novemba

Presha asubuhi 148 juu ya 90. Sasa hivi sitaki kujua.

Limesimama! Mlango uko mahali pa mlango. Limelegea kidogo katikati kama tumbo la mtu aliyekosa chakula, lakini limesimama, na vyuma vilivyobaki ni vinne tu. Nilimwita Mumbua, nikaweka viti viwili ndani, tukaketi kama watalii.

Saa kumi na moja mvua ikaja, na ikanyesha humo ndani. Haikuvuja, ilinyesha. Kumbe paa ni wavu na kitambaa chepesi, wavu kama wa mbu! Mumbua alitoka. Mimi nilibaki na mwavuli, kwa sababu kuna mambo ambayo mwanamume hawezi kuyakubali mara moja.

Nimewapigia waliouza. Nikasema mmeniuzia hema lisilo na paa. Kijana wa upande ule akasema kila kitu kilikuwemo, mzee, paa pia. Basi kama paa lilikuwemo na sasa halimo, mtu amelichukua. Nauliza tu, daktari: ni nani ua wake unapakana na wangu? Ni nani anayekuja kuchungulia kila siku?

Jumatatu, 3 Novemba

Presha 168 juu ya 101. Nimechungulia kwa Ndunda kupitia ua. Sijaona paa. Atakuwa amelificha.

Jumamosi, 8 Novemba

Presha 170 juu ya 102.

Leo upepo umelichukua hema. Vigingi vyote viling'oka kama karoti. Lilipanda juu ya ua, likageuka mara mbili angani, likaenda kutua kwa Ndunda, juu ya kile choo, likakifunika chote.

Ndunda alikuwa ndani.

Tulisimama kwenye ua, mimi na Mumbua, tukitazama kitambaa kikipapaswa kutoka ndani. Mumbua alikuwa ameuma leso yake. Mwishowe Ndunda akatokea chini kwa magoti. Nilijua leo ni leo, atanitukana, na kusema kweli nilikuwa tayari, nilikuwa na majibu ya miaka mitatu. Badala yake alilitandaza hema chini, akalikunja mara tatu, akaliviringisha akilikandamiza kwa goti, akalifunga kwa kamba yake mwenyewe. Likawa dogo, daktari. Dogo kama godoro la mtoto. Mimi tangu Oktoba sijaweza kulirudisha kwenye mfuko wake. Akaliweka kwenye ua, akanitazama, akainamisha kichwa kushoto, akarudi chooni.

Hilo la kukunja ndilo limeniuma. Mtu wa kutandika vitanda hakunji hivyo.

Jumanne, 11 Novemba

Presha 163 juu ya 97. Mvua.

Alhamisi, 13 Novemba

Presha 163 juu ya 97. Mvua. Nimemwuliza mwenye hema za arusi mjini. Zote zimechukuliwa Jumamosi ya 29, na hata zingekuwepo, hazina kuta.

Jumapili, 16 Novemba

Presha 171 juu ya 103.

Ndila amepiga simu. Nilianza kumweleza mpango wangu mpya, kushona karatasi za nailoni juu ya ule wavu, na nikaeleza kwa urefu. Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Baba, mimi sitaki hema. Nataka kuolewa."

Nikasema najua, mama. Akasema mzee Ndolo amekwisha kuuliza kama kwetu bado kunavuja. Halafu nikasikia analia, na anajaribu nisisikie.

Naogopa. Wacha niliandike, kwa kuwa uliniambia niandike. Mtoto wangu mmoja, na mimi ndiye nitamrudishia mbuzi getini.

Saa kumi na mbili nilitembea mpaka kwa Ndunda. Nilifika langoni. Nikakohoa. Mbwa akatoka. Nikarudi.

Jumatatu, 17 Novemba

Presha 167 juu ya 99. Mumbua aliniona jana langoni. Hakusema methali. Hiyo inanitia wasiwasi zaidi.

Jumamosi, 22 Novemba

Saa moja asubuhi nilikuwa kitandani nikasikia filimbi. Fiii, mara tatu, uani kwangu. Hakuna Mkamba wa mlima huu asiyeijua filimbi hiyo. Ni Syokau, mjane wa kule juu, mkubwa wa mwethya wetu. Mwethya ni hivi: kazi ikimshinda mtu, kikundi kinaitwa, kinakuja kumfanyia, kesho zamu ya mwingine. Ukiitwa unakuja, hata kama aliyekuita ni adui yako, maana kidole kimoja hakivunji chawa, na chawa hawachagui kichwa.

Nilitoka na nguo za kulalia. Watu kumi na wanane, na Ndunda nyuma yao, kofia mkononi. Mumbua ndiye aliyewaita. Hakunitazama.

Sasa, sheria ya mwethya wetu, na ni ya zamani kuliko sisi sote: mwenye nyumba hashiki kazi na haongozi kazi. Kazi yake ni uji na maji. Akitoa neno la kuongoza, anatozwa mkungu wa ndizi. Sheria hii iliwekwa kwa sababu ya watu kama mimi, Syokau alisema hivyo mbele ya wote, na hakuna aliyebisha. Kisha akatangaza kwamba mkubwa wa kazi leo ni Ndunda.

Nilienda kuwasha moto.

Ndunda alizunguka vyuma vyangu vilivyopangwa kwa urefu, akavitazama sana. Akamwambia Syokau, "Muulize mwenye nyumba tepe za rangi ziko wapi." Syokau akaniuliza, ingawa nilikuwa hatua nne tu kutoka hapo. Nikamwambia Syokau amwambie nilizibandua, zilikuwa chafu. Ndunda alifumba macho kidogo. Halafu akachuchumaa, akaanza kupapasa ncha ya kila chuma kwa kidole gumba, hiki hapa, hiki pale, na hakukosea hata kimoja. Akamweka kila mtu mahali pake. Hakupaza sauti. Aliinua mkono, watu kumi na wanane wakainua vyuma, na hema langu, lile lililonitesa wiki tano, likapanda taratibu kama mtu anayeamka. Hakuna chuma kilichobaki. Nilikuwa nimeshika mwiko na nikasahau kukoroga.

Kisha akasema, "Muulize turubai la juu liko wapi."

Hapo, daktari, nilichemka kabla ya uji. Nikasema tena kwa sauti, "Aulizwe yeye mwenyewe! Yeye ndiye anajua lilikoenda!"

Syokau akainua kidole kimoja, maana yake mkungu mmoja. Kila mtu alielewa nimemwita Ndunda mwizi. Ndunda alivaa kofia yake, nikadhani anaondoka, na pamoja na yote nilijua akitoka langoni Ndila haolewi. Lakini hakwenda langoni. Alinipita, akaenda mbele ya jiko, akapiga goti pale kwenye mbuni, akainua pembe moja ya turubai la kijani. Likaonyesha tundu za kufungia kamba, safi, zenye pete za chuma, ukingo mzima.

"Mama Ndila," akasema, "naomba tusogeze kahawa kidogo."

Syokau aliketi chini akacheka mpaka filimbi ikalia yenyewe mdomoni. Wote walicheka. Mumbua alijifunika uso kwa leso. Mimi nilirudi kwenye uji na ulikuwa umeungua.

Wakanywa hivyo hivyo. Nilimpelekea Ndunda kikombe mwisho, kwa sababu miguu haikutaka kufika. Nikamwambia nisamehe. Akanywa. Akasema uji umeungua. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia kwa miaka mitatu. Kisha akasema, "Nimekuonyesha wiki tano."

"Umenionyesha nini?"

Akainamisha kichwa kushoto, taratibu, kama alivyofanya kila siku. Nami kwa mara ya kwanza nikafuata kule kichwa kilikoelekea. Mbele ya jiko. Kwenye mbuni.

"Nilikuwa nimeapa sisemi na wewe," akasema. "Sikuapa kichwa."

Sikupima presha leo. Mikungu niliyotozwa ni miwili, wa pili ni kwa sababu nilimwonyesha mtu jinsi ya kukoroga uji.

Jumatatu, 24 Novemba

Presha 144 juu ya 88. Imenyesha usiku kucha. Ndani ya hema ni kukavu, na kunanuka kahawa.

Jumamosi, 29 Novemba

Walifika saa tano, na mvua ilifika saa tano na dakika kumi.

Mzee Ndolo alishuka wa kwanza, gambuti miguuni, mwavuli mkononi, na suruali ya akiba kwenye mfuko wa karatasi. Hakuficha ile suruali. Aliingia hemani, akaangalia juu. Akagusa ukuta. Akachagua kiti cha katikati kabisa, mbali na kila ukingo, akaketi, na mfuko akauweka magotini. Mvua ikapiga turubai mpaka ikabidi tusemezane kwa kupaza sauti. Watu hamsini na wawili, na hakuna aliyepata tone. Mbuzi alichinjwa chini ya upenu wa mbele, pale turubai linapozidi ukuta. Nyama ikaiva, ikakatwa, ikagawiwa kama inavyopasa, na Ndila akala, na Kyalo akala, na mzee Ndolo akaweka mfuko wa suruali chini ya kiti ili apate mikono miwili.

Imeliwa, daktari. Binti yangu ameolewa.

Halafu mzee Ndolo akasimama, msemaji huyo, akasema Katangi wanaomba mvua kanisani na hawawezi kuitukana wanapoikuta kwa watu, lakini leo ameikuta imefungiwa nje na amefurahi. Akasema alisikia baba ya msichana aliapa kulisimamisha hema hili kwa mikono yake miwili. Akaomba aione hiyo mikono.

Watu wangu wote walinitazama. Mumbua alinitazama. Ningeweza kuinua mikono tu, daktari, ni wageni, wasingejua kamwe. Ndunda alikuwa nyuma karibu na mlango, anatafuna, anaangalia sahani yake.

Nilisimama. Nikasema mikono hii ilipika uji, na ukaungua. Nikasema hema limesimamishwa na jirani yangu Ndunda wa Mara, ambaye nilimkosea mbele ya baraza miaka mitatu iliyopita na nikamkosea tena wiki iliyopita, na hakuna hema linalosimama Kangundo asipolijua yeye. Mzee Ndolo akaagiza Ndunda aongezwe nyama ya bega. Ndila alikuwa analia tena, na safari hii hakujaribu kuficha.

Wakati wa kutoka nilimwambia Ndunda kwamba choo chake hakijaegea. Akaniangalia kwa huruma. "Kimeegea," akasema. "Nilijua siku ile ile."

Jumamosi, 6 Desemba

Presha 138 juu ya 84. Daktari, funga daftari ukitaka, mengine ni furaha tu.

Filimbi imelia saa moja, kwa Ndunda. Nilikuwa wa kwanza langoni, jembe begani, na mbwa hakunibwekea. Syokau alitangaza kazi ni kunyoosha choo, na mkubwa wa kazi ni Musili. Ndunda akapewa mwiko. Nikauona mdomo wake unataka kufunguka, akakumbuka ndizi zake, akaufunga.

Tulichimba msingi upande wa kushoto, tukaweka mawe, tukasukuma kwa magogo. Nilisema inueni, wakainua. Nilisema shikilieni hapo, nipime. Nikapapasa mfukoni, kiunoni, kwenye mkoba. Pimamaji haikuwepo. Watu kumi na saba wameshikilia choo, wanatetemeka, na mimi nazunguka kama kuku, nikisema mtu amechukua pimamaji yangu, ni nani amechukua pimamaji yangu.

Nikainua macho. Ndunda alikuwa karibu na moto na mwiko wake, midomo ameibana. Akainamisha kichwa kushoto.

Nikageuka upande huo. Ilikuwa juu ya jiwe, pale nilipoiweka mwenyewe.